Shingo Iliyomtazama Baba Mkwe

Watu wa kwetu Ngonga wana huruma, sikatai, lakini huruma yao ina mdomo mrefu. Shingo yangu ilipoanza kwenda kulia bila ruhusa yangu, kila aliyepita kwenye migomba yetu alikuwa na ugonjwa wa kunipa. Mmoja alisema nimelalia mto vibaya. Sikuwa na mto. Mwingine alisema ni baridi, Kyela hii hii ambako jasho linakutoka ukiwa umekaa kivulini hufanyi kitu. Jirani yangu wa karibu, ambaye hata jino likimuuma hulala siku nzima, aliniambia nijikaze, eti kila mtu ana shingo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ilianza wakati wa kupalilia mpunga. Niliinama shambani, nikasikia kichwa kinageuka taratibu kwenda kulia, kama mtu aliyeitwa, kikafika karibu na bega kikabaki huko kikitetemeka. Nikakirudisha kwa nguvu. Kikaenda tena. Nilidhani ni mkazo wa siku moja. Mavuno yakaja yakapita, na bado nilikuwa nikienda mbele huku nikitazama pembeni, na maumivu yakitoka nyuma ya sikio hadi kwenye bega.

Kilichonitesha kuliko maumivu ni kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa na tabia ya kuniumbua. Nikigusa kidevu kwa kidole kimoja, kugusa tu bila kusukuma, shingo ilinyooka. Nikiondoa kidole, ilipinda. Nikijitwisha ndoo ya maji, nilitembea wima kama mlingoti kutoka kisimani hadi nyumbani. Nikiitua, kichwa hicho kinakwenda zake. Sasa waeleze wanawake wa kisimani jambo hilo. Walinitazama nikiwa na ndoo, wakanitazama nikiwa sina, wakatazamana. Ugonjwa gani unaochagua? Mkwe wa mzee anacheza, walisema, hataki kazi. Nami ndiye niliyekuwa nimebeba ndoo.

Mume wangu hakuwepo kusema lolote. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, ushirika ukikata roho na wanunuzi binafsi wa kakao wakija na mizani yao, na kila mwanamume mwenye baiskeli aligeuka mfanyabiashara. Wangu alikuwa Kasumulu, mpakani, akivusha sabuni na mafuta ya kula. Akija nyumbani alinitazama shingo, akasema tutaona, akarudi Kasumulu. Nilimjibu kwamba mimi ndiye ninayeona, tena upande mmoja tu.

Hapo sasa ndipo penye shida yenyewe, na asiyetoka kwetu lazima nimweleze. Bibi harusi wa Kinyakyusa, kabla hajaonyeshwa jiko, anafundishwa kutomtazama baba mkwe. Tunaita ukutila. Humtazami, huongei naye, hulitaji jina lake, hupiti njia moja naye. Akija, yeye hukohoa ili ujue, nawe hujificha nyuma ya migomba au hugeuza uso na kujifunika kitenge mpaka apite. Ukiwa na neno lake unamwambia mama mkwe, naye anampelekea. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, tena aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya kusini na kurudi na suti, na mchungaji alikwisha kuhubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mzee alimsikiliza mchungaji kwa adabu zote, akasema amina, akatoka nje akakohoa. Tangu niolewe nilijua kikohozi chake kuliko nilivyojua uso wake.

Msiba ulitokea Katumba Songwe kwa ndugu zao, tukaenda wote. Wanawake tulikaa mikekani, wanaume kwenye mabenchi upande wa kulia. Nilikuwa nimejikunyata na kidole changu kidevuni, nikijua mabenchi yako wapi na nani yuko juu yake. Nikafika salama mpaka wakati wa chakula. Kisha mama mmoja akanikabidhi sinia la wali niwapitishie wenzangu. Sinia halishikwi kwa mkono mmoja. Kidole kikashuka, shingo ikaondoka, polepole, mbele ya watu wote, ikanipeleka kulia mpaka ikasimama usoni kwa baba mkwe.

Nikamtazama. Alikuwa na mdomo wa mume wangu, uleule, na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna. Nilijaribu kujirudisha, na kadiri nilivyojaribu ndivyo kichwa kilivyotetemeka, hivyo ilionekana kama ninamtazama, na juu ya hayo ninamtikisia kichwa. Tonge likamponyoka. Mwenye akili timamu angenipokea sinia, lakini wote walikuwa wanashangaa.

Maneno yake yalinifikia kupitia mama mkwe, mwanamke mwema mwenye sauti ya chini ambaye hajapata kumrudishia mumewe neno. Alisimama mlangoni kwangu akayasema kama alivyopewa. Kama ni ugonjwa, upimwe, watu waseme ni ugonjwa. Kama ni dharau, nirudi kwa wazazi wangu mpaka waje kuzungumza, na watoto wabaki. Nilimwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akasema yeye ametumwa tu.

Watoto wabaki. Mdogo alikuwa bado hajaacha kunyonya. Nilikwenda mjini siku iliyofuata nikiwa na hasira za kuvunja vyungu, nikaingia duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu ambaye asili yake ni pwani, kwa sababu pale kulikuwa na benchi na hakuna aliyeniuliza kitu. Siku za nyuma alikuwa ameniambia kwamba mambo ya shingo kupinda kwao pwani yana watu wake, waganga wa majini. Safari hii hakusema hivyo. Alisema mteja wake kutoka juu milimani amemwambia kwamba kwenye hospitali ya misheni huko kumefika daktari kijana aliyetoka masomoni ng'ambo, ana mashine ya kupima misuli ya shingo, na anatafuta watu wenye shingo kama yangu. Anatafuta! Mimi niliyefukuzwa na kila mtu nilikuwa natafutwa.

Nilimpa mama mkwe habari ampelekee mzee, nikidhani atasema nenda. Akasema twende. Anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe, mashine isije ikasema hili na mimi nikarudi na lile. Safari siisimulii. Yeye alikaa mbele kwa dereva, mimi na mama mkwe nyuma ya magunia ya mchele, na kila gari liliposimama alikohoa kabla ya kushuka.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, chenye dirisha la wavu upande wa kulia wa kiti nilichoketishwa. Nje chini ya dirisha lile kulikuwa na benchi, na baba mkwe akakaa pale, ametupa mgongo. Kwa macho yake hiyo ilikuwa adabu kamili: haoni, haonekani, anasikia. Kwangu mimi ilikuwa ni sawa na kumweka mapajani.

Daktari alikuwa mtu wa mikoa ya kaskazini, mchangamfu, mwenye kupenda kueleza. Alifurahi sana kuniona; hakuna mtu aliyewahi kuifurahia shingo ile. Alitaja jina la ugonjwa, distonia, akasema si mto wala baridi wala mkono wa mtu, ni ubongo unaoamuru msuli fanya kazi wakati hakuna kazi. Nilimwomba aseme hilo kwa sauti kubwa zaidi, kuelekea dirishani. Akasema. Lakini yeye, msomi, akaongeza kwamba hayo ni maneno tu mpaka mashine ithibitishe, na nje nikasikia kikohozi cha kukubali.

Akanieleza kazi itakavyokwenda. Ataingiza sindano nyembamba zenye waya kwenye misuli ya shingo, mmoja baada ya mwingine. Msuli uliopumzika huwa kimya. Msuli unaofanya kazi hutoa umeme kidogo, na mashine huugeuza kuwa sauti na mstari kwenye kioo. Akanionyesha pia jambo lililonishangaza: msuli mrefu wa mbele wa shingo ukiwa upande wa kushoto ndio unaogeuza uso kwenda kulia, na wa kulia ndio unaogeuza kwenda kushoto. Akanishika mkono nijipapase mwenyewe. Ni kweli. Kwa hiyo mwizi wangu alitegemewa kupatikana kushoto. Akishapatikana, daktari alikuwa na dawa ya kumlegeza, ameitunza kwenye barafu, chupa moja aliyopewa na walimu wake. Ikidungwa penye mwizi, shingo itatulia kwa miezi. Ikidungwa penye msuli usio na hatia, nitashindwa hata kumeza uji, na nyingine hakuna.

Akaniambia niondoe kidole kidevuni, nikae kama ninavyokaa nyumbani, nijilegeze.

Nijilegeze, na baba mkwe yuko umbali wa mkono. Sindano ya kwanza iliingia kushoto na mashine ikalia kama mvua kubwa juu ya bati. Daktari akatabasamu. Akaingiza ya pili upande wa kulia, mahali alipotegemea ukimya, ikalia vilevile. Akapiga mashine kofi dogo. Akabadilisha waya. Nje mzee akakohoa, na upande wa kulia ukanguruma kuliko wa kushoto. Daktari akasema jilegeze mama. Nikasema nimejilegeza. Mashine ikasema sijajilegeza. Mstari kwenye kioo ulikuwa unarukaruka kama dagaa wa usipa wavuni.

Mimi nilijua kinachotokea. Ugonjwa ulikuwa unanivuta kulia kwa baba mkwe, na malezi yalikuwa yananivuta kushoto kumkimbia, na katikati yao nilikuwepo mimi natokwa na jasho. Nilikuwa nikifanya hivyo kutwa nyumbani, ndiyo maana jioni shingo iliniuma pande zote mbili. Lakini nitamwambiaje mwanamume huyu, huku mzee mwenyewe anasikiliza?

Daktari alipima tena na tena. Mwishowe akakunja uso akasema ugonjwa wangu si wa kawaida, umehamia kulia, na mashine haidanganyi. Akaenda kwenye barafu yake akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikaona ananijia upande wa kulia.

Nilimshika mkono. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba upande huo si ugonjwa, ni baba mkwe. Akanitazama kama watu wa kisimani walivyonitazama. Nikamweleza ukutila kwa maneno machache niliyoweza. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mama, mambo ya mila tuyaache nje."

"Ndiyo taabu yenyewe, daktari," nikasema. "Yako nje. Yamekaa dirishani."

Nilimgeukia mama mkwe nikamwomba amwambie mzee asogee. Alitikisa kichwa. Mzee amesema haondoki mpaka asikie, na yeye hawezi kumwondoa mumewe kwenye kiti alichokichagua. Nikamwomba tena. Akajifunika mdomo kwa kitenge na kutazama sakafu. Nakiri nilikuwa nimewachoka wote kwa wakati huo: mume aliyeko Kasumulu, mama mkwe anayetumwa tu, daktari mwenye mashine isiyodanganya. Dawa ilikuwa mkononi mwake, inapata joto. Watoto wangu walikuwa Ngonga. Na mimi nilikuwa na sindano mbili shingoni, na adabu.

"Taata," nikasema kuelekea dirishani. Ni baba, kwa lugha yetu, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia maishani mwangu. "Naomba uondoke hapo. Ninakuheshimu mno, na dawa inapotea."

Mama mkwe alitoa sauti kama aliyechomwa. Mashine ilinguruma upande wa kulia mpaka daktari akapunguza sauti yake. Nilifumba macho nikasubiri kufukuzwa.

Nje benchi likalia. Fimbo ikagusa kokoto, mara moja, kisha tena. Anaondoka. Na kadiri fimbo ilivyokwenda, ndivyo mngurumo wa kulia ulivyopungua, kama mvua inavyohama ikielekea ziwani. Ukawa matone, ukawa tone mojamoja. Alipofika kwenye banda ambako ndugu wa wagonjwa hupika, upande wa kulia ulinyamaza kabisa. Wa kushoto ukabaki peke yake, unalia ovyo, haumjali mtu. Kichwa changu kikaenda kulia mpaka mwisho, kikaangalia benchi tupu.

Daktari alitazama kioo, akatazama dirisha. Nilitegemea atasema pole. Akasema, "Mwiteni arudi."

Sijapata kuona watu wagumu kuridhika kama wasomi. Yeye alitaka kuhakikisha. Akachungulia mwenyewe dirishani akamwomba mzee arudi benchini. Mzee akarudi, na mashine ikaanza kunguruma kulia kabla hata hajafika. Akamwomba aondoke, ikanyamaza. Akamwomba arudi tena, safari hii bila kukohoa na bila fimbo, ili nisijue. Nikajua. Mzee wa kanisa, mtu wa suti, alikwenda akarudi kwenye kokoto zile juani kwa amri ya kijana anayelingana na mwanawe wa mwisho, na kila alipokaribia alisikia yeye mwenyewe kile kishindo chake ndani ya shingo yangu. Alipofika mara ya mwisho hakuketi. Alisimama ametupa mgongo, akasikiliza kwa muda. Kisha akaongea na mkewe kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo sikuwa nimeijua kwake.

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema amesikia."

Basi. Hilo tu. Akaondoka kwenda bandani, na daktari akaidunga dawa kushoto.

Haikufanya kazi siku ile wala kesho yake, na nilipata nafasi ya kutosha ya kumlaani kila mtu. Baadaye kidogo kidogo msuli ukalegea, na asubuhi moja nilijikuta naosha vyombo kwa mikono miwili na ninatazama vyombo hivyo hivyo ninavyoviosha. Nililia. Majirani wakaja wakasema si unaona, tulikuambia ujikaze. Kuhusu mimi kurudi kwetu hakuna aliyeligusa tena, na mume wangu alipokuja akasema tumeona.

Dawa iliisha nguvu kama daktari alivyosema. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamishwa, mashine amekwenda nayo, na hospitalini walinipa vidonge vya maumivu. Shingo ikarudi kulia, na kidole kikarudi kidevuni. Nilisubiri maneno nayo yarudi.

Hayakurudi. Lakini niligundua jambo, na ilinichukua muda kuligundua kwa kuwa watu wa nyumba ile hawaelezi kitu. Baba mkwe alikuwa amehama upande. Kanisani, aliyekuwa akikaa mabenchi ya kulia miaka yote, alihamia kushoto. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kufika, akisogeza kigoda chake mahali ambapo shingo yangu isingeweza kumfikia hata ikijitahidi. Njiani alikohoa mapema, mbali sana, ili nipate nafasi ya kugeuka bila kujivuta. Watu walisema mzee amezeeka, anakohoa ovyo. Hakuwahi kulijibu lile neno langu, nami sikumwambia jingine. Nilikasirika mara nyingi kwamba hakulisema mbele ya waliokuwa msibani Katumba Songwe, kwamba hakusema mkwe wangu ni mgonjwa, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini huyo angekuwa mtu mwingine.

Alipofariki, walimtoa nje kwa ajili ya kuagwa, jeneza likiwa wazi, chini ya turubai. Wifi yangu, kwa wema, alinitandikia mkeka mahali ambapo baba yake angekuwa kushoto kwangu, upande salama. Nikamshukuru, ndaga fijo. Kisha nikaubeba mkeka, nikauzungusha mbele ya watu wote, nikaketi upande wa pili, jeneza likiwa kulia kwangu, kidole kidevuni. Niliwasikia wanawake wakiguna. Mama mkwe aliinua macho, akaniona, hakusema kitu, na safari hii hakuwa ametumwa na mtu.

Nikashusha kidole.